Kiuno Siyo Msemaji wa Figo

Alhamisi ya pili ya Machi kila mwaka huwa ni Siku ya Figo Duniani. Wiki hiyo madaktari husikika redioni, na simu zetu hujaa jumbe: dalili kumi za figo, juisi tano za kuosha figo, makosa saba yanayoua figo. Machi ikipita, madaktari hurudi wodini, lakini jumbe zinaendelea kuzunguka mwaka mzima. Wanaozisambaza wana nia njema, na nyingi zina chembe ya ukweli ndani yake. Ndiyo maana hazikataliki kirahisi.

Nimekusanya hapa madai tisa yanayosikika vijiweni, sokoni na kwenye foleni za maduka ya dawa. Yanatofautiana, ila yote yana kosa moja: yanamfundisha mtu kusubiri. Asubiri maumivu, asubiri mkojo ukatike, asubiri uzee. Ugonjwa sugu wa figo hausubiriwi namna hiyo, kwa sababu unapoanza kujionyesha wenyewe, sehemu kubwa ya figo huwa imeshaharibika.

Dai la 1: "Kiuno kinauma, basi figo zimeanza"

Figo ni mbili, kila moja ina ukubwa wa ngumi, nazo zimekaa juu kuliko pale tunapofunga mkanda: chini ya mbavu za mwisho, moja kulia na nyingine kushoto kwa uti wa mgongo. Nyama yake ya ndani, yenye vichujio takriban milioni moja kwa kila figo, haina mishipa ya fahamu ya kusikia maumivu. Kinachouma ni ganda la nje likivutika, au njia ya mkojo ikiziba. Ndiyo maana kisukari kinaweza kuila figo kwa miaka kumi na mwenyewe asisikie hata kichomi.

Maumivu ya figo yapo, ila yana sura zake. Jiwe likinasa njiani huleta maumivu ya kupanda na kushuka, yanatoka ubavuni kwenda kwenye kinena, na mgonjwa hatulii: akikaa anasimama, akisimama anajikunja. Bakteria wakiingia kwenye figo, maumivu ya ubavuni huja na homa na kutetemeka. Lakini kiuno kinachouma ukiinama kufua, ukibeba ndoo au ukishinda kwenye bodaboda, kisha kikapoa ukijinyoosha, mara nyingi ni misuli na pingili za mgongo.

Dai hili lina madhara mengine mabaya zaidi. "Dada, nipe dawa ya figo, kiuno kinaniua," mteja anasema dirishani, na anakabidhiwa diklofenaki au ibuprofeni. Dawa za kundi hilo huzuia kemikali inayoiweka wazi mishipa midogo inayopeleka damu kwenye figo. Kijana mzima akizimeza siku mbili, kwa kawaida hapati shida. Mzee mwenye presha, mgonjwa wa sukari, au mtu aliyetoka kuharisha na kuishiwa maji akizimeza wiki baada ya wiki, figo zinakosa damu. Anatibu figo ambazo hazikuwa na tatizo kwa dawa inayoziletea tatizo. Parasetamoli kwa kipimo chake ni salama zaidi kwa figo, na kiuno kisichopoa kinahitaji uchunguzi wa mgongo.

Dai la 2: "Nakojoa vizuri, kwa hiyo niko salama"

Kwa siku moja figo huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, kisha hurudisha mwilini karibu yote na kuacha lita moja au mbili zitoke kama mkojo. Wingi wa mkojo unaonyesha kuwa maji yanatoka. Hauonyeshi kama taka zinatoka pamoja nayo. Wapo wagonjwa wanaokojoa sana hata figo zao zikiwa hatua za mwisho. Kuamka usiku mara tatu au nne, kwa mtu aliyekuwa akilala mpaka alfajiri, ni mojawapo ya dalili kwamba figo zimeshindwa kuubana mkojo, ingawa sukari na tezi dume nazo huleta hali hiyo hiyo.

Badala ya wingi, tazama mambo mawili. La kwanza ni povu. Mapovu machache yanayopasuka mara moja ni nguvu ya mkojo tu. Povu jingi ambalo linabaki juu ya maji dakika kadhaa, siku baada ya siku, linaweza kuwa protini. Kichujio kizima hakipitishi protini ya damu. Kikiharibika huipitisha, kama chujio la chai lililotoboka linavyopitisha majani. La pili ni rangi: nyekundu, au rangi ya chai ya rangi. Kwanza ujiulize kama jana ulikula bitiruti au unameza rifampisini ya kifua kikuu, maana vyote hubadilisha rangi ya mkojo. Kama sivyo, nenda kapime.

Kupima protini si jambo kubwa. Mama mjamzito amelipitia kliniki: anapewa kikopo, analeta mkojo, mhudumu anachovya kijiti chenye vibandiko vya rangi, anakikung'uta na kusubiri dakika moja. Kibandiko cha protini kikibaki njano, hakuna kitu. Kikigeuka kijani, kuna protini, na kadiri ukijani unavyokolea ndivyo protini ilivyo nyingi. Mume wake mwenye sukari na presha, aliyekaa nje kwenye benchi akimsubiri, pengine hajawahi kuchovyewa kijiti hicho maishani mwake.

Dai la 3: "Hiyo ni UTI tu, meza dawa itakwisha"

UTI imekuwa jina la kila kinachotokea chini ya kitovu. Mtu anatibiwa UTI mara nne kwa mwaka, anabadilishiwa antibayotiki, na hakuna anayeuliza kwa nini inarudi. UTI ya kweli inayojirudia inaweza kuwa na chanzo: jiwe, tezi dume inayozuia mkojo usitoke wote, sukari isiyodhibitiwa. Protini na damu kwenye mkojo vikiendelea kuonekana baada ya dawa kwisha, tuhuma zihamie kwenye figo.

Kuna jambo linaloyahusu zaidi maeneo yetu, nalo ni kichocho. Pemba, Kwale na kwenye mashamba ya mpunga ya Kanda ya Ziwa, mvulana akikojoa damu mwishoni mwa mkojo, wapo watu wazima wanaochukulia kuwa ni sehemu ya kukua. Si kukua. Ni mayai ya minyoo wa kichocho yaliyonasa kwenye ukuta wa kibofu. Yakiachwa kwa miaka, makovu hubana mirija inayotoka kwenye figo, mkojo hurudi nyuma, na figo huvimba mpaka zinakufa. Dawa yake, prazikwanteli, hutolewa hata kwenye kampeni za mashuleni. Kukosa kuitumia ni hasara kubwa kwa sababu ndogo.

Dai la 4: "Kuvimba uso ni usingizi, kuvimba miguu ni uzee"

Au amerogwa, kama majirani wataulizwa. Figo zinapopoteza protini, au zinaposhindwa kutoa chumvi na maji, maji hujikusanya pale yanapopata nafasi. Usiku mtu akiwa amelala, hukusanyika usoni, hasa kuzunguka macho. Mchana akisimama, huteremka miguuni. Uso wa asubuhi na viatu vya jioni hueleza habari ile ile.

Bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, sekunde kumi hivi, kisha achia. Kikibaki kishimo, hayo ni maji, si unene. Ukweli ni kwamba kishimo hakisemi maji yametoka wapi: moyo na ini navyo huvimbisha miguu, hata amlodipini, dawa ya presha inayotumika sana. Mjamzito anayevimba uso huku kichwa kikimuuma na macho yakiona ukungu asisubiri kesho, kwa sababu hizo ni dalili za hatari za presha ya mimba.

Kuna dalili nyingine ambazo hupewa majina mengine kabisa. Figo ndizo zinazotoa homoni inayoamuru mwili kutengeneza damu. Zikichoka, damu hupungua, na mgonjwa huishia kumeza vidonge vya kuongeza damu bila nafuu. Kichefuchefu cha asubuhi na kukosa hamu ya kula huitwa vidonda vya tumbo. Ngozi kuwasha bila upele huitwa mzio, na uchovu huitwa malaria hata kipimo kikisema hapana. Moja ya hizi peke yake si ushahidi. Zikiwa tatu kwa mtu mmoja mwenye presha au sukari, apimwe figo wiki hiyo hiyo.

Dai la 5: "Dawa za presha ndizo zinazoua figo"

Dai hili linaua kuliko mengine. Limejengwa juu ya kitu ambacho watu wamekiona kwa macho: fulani alianza dawa za presha, baada ya miaka akaambiwa figo zimekufa. Kilichofutwa kwenye hadithi ni miaka ambayo presha ilikuwa juu kabla ya dawa, na miezi ambayo dawa zilimezwa siku kichwa kilipouma tu.

Presha na figo huumizana. Presha ya juu hukomaza na kuziba mishipa midogo ya figo. Figo zilizoumia nazo huzuia chumvi na maji na kupandisha presha zaidi. Kijana wa miaka 25 mwenye presha ya juu apimwe figo, kwa kuwa kwake huenda figo ndizo zilizoanza. Na baadhi ya dawa za presha, kama losartani na zile za ukoo wa kaptoprili, hupewa wagonjwa wenye protini kwenye mkojo mahsusi kwa ajili ya kuzilinda figo.

Chembe ya ukweli iliyomo ni hii: dawa hizo zinaweza kupandisha kidogo krietinini, taka ya damuni inayotolewa na figo, mwanzoni, hazifai kwa wajawazito, na wakati wa kuhara au kutapika sana daktari anaweza kusema zisitishwe kwa siku chache. Kwa sababu hiyo kunahitajika kipimo cha damu wiki moja au mbili baada ya kuzianza. Kuziacha kwa ushauri wa jirani ni jambo jingine kabisa.

Dai la 6: "Maji mengi, madafu na mizizi huosha figo"

Figo haina uchafu wa kusuguliwa. Mtu mzima mwenye afya akinywa maji ya kutosha kukata kiu na kuufanya mkojo uwe wa njano mpauko, amefanya yake. Anayefanya kazi juani aongeze, na aliyewahi kupata mawe aongeze zaidi. Lakini lita tano kwa siku hazifufui kichujio kilichokufa, na kwa mtu ambaye figo zake hazitoi tena maji, lita hizo huishia kwenye mapafu.

Madafu ni mazuri kwa mtu mzima wa afya. Yamejaa potasiamu, madini ambayo figo nzima huyatoa bila shida. Figo iliyochoka inayalimbikiza, na potasiamu ikizidi kwenye damu inaweza kuusimamisha moyo ghafla. Mgonjwa wa figo wa pwani anayeletewa madafu matatu kwa upendo na ndugu zake anaweza kuwa anaandaliwa hatari. Ndizi, viazi na mchicha navyo vina potasiamu nyingi, hivyo mgonjwa auliziwe mlo wake kwa mtaalamu wa lishe.

Kuhusu mizizi na majani: kutoka ardhini hakuifanyi dawa iwe salama. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mjini Brussels, wanawake zaidi ya mia moja waliharibikiwa figo baada ya kumeza vidonge vya mitishamba vya kupunguza unene. Ndani yake ulikuwa umeingia mmea wa jamii ya Aristolochia, wenye sumu ya figo. Wengi walihitaji mashine ya kusafisha damu au figo mpya, na baadhi walipata saratani ya njia ya mkojo baadaye. Nao waliambiwa ni vitu vya asili.

Dai la 7: "Ni ugonjwa wa wazee na walevi"

Mwaka 2022 nchini Gambia, watoto takriban 70 walikufa kwa figo kushindwa ghafla baada ya kunywa dawa za kikohozi na mafua za maji zilizochanganyika na kemikali za viwandani. Hapo hapakuwa na mzee wala mlevi. Watoto wenye selimundu wanaweza kuanza kuumia figo mapema. Watu wenye VVU ambao hawajaanza dawa wamo hatarini pia.

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika kuhusu wagonjwa watu wazima waliokuwa wakivimba na kupoteza protini nyingi kwenye mkojo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakijipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zebaki hupenya kwenye ngozi, huingia kwenye damu na kuishia kwenye figo. Nusu karne imepita na mkorogo bado unauzwa. Binti wa miaka 22 anayevimba uso aulizwe anajipaka nini kabla ya kuulizwa anakunywa nini.

Wanaotegemea mazoezi wamkumbuke Ivan Klasnić, mshambuliaji wa Kroatia. Akiwa katika umri wake bora wa soka, figo zake zilishindwa. Mwaka 2007 mama yake alimpa figo, mwili ukaikataa. Kisha akapewa na baba yake, ikashika. Mwaka uliofuata alicheza Kombe la Ulaya na kuifunga Poland. Mapafu na misuli ya mchezaji wa kulipwa haikuwa kinga.

Dai la 8: "Nilipimwa krietinini, ilikuwa kawaida, nimemaliza"

Krietinini ni taka inayotoka kwenye misuli, na figo ndizo huitoa. Tatizo ni kwamba figo zina akiba kubwa: karibu nusu ya uwezo wake inaweza kupotea kabla namba haijatoka nje ya mpaka wa kawaida. Isitoshe, mchukuzi wa bandarini mwenye misuli mingi na bibi mwembamba wa miaka 75 wanaweza kuandikiwa namba moja, naye bibi akawa na figo dhaifu mno. Ndiyo maana maabara inatakiwa itumie umri na jinsia kukokotoa kiwango cha uchujaji. Tisini na kuendelea ni vizuri, mradi mkojo nao hauna protini. Chini ya 60 kwa miezi mitatu au zaidi ni ugonjwa sugu wa figo. Chini ya 15, figo zimeshindwa kazi.

Miezi mitatu hiyo ina maana yake. Namba mbaya ya siku moja inaweza kutokana na kuharisha, malaria kali au dawa za maumivu, na ikarudi. Hivyo usijihukumu kwa karatasi moja, wala usijisafishe kwa karatasi moja.

Dai la 9: "Ukishawekwa kwenye mashine, hurudi"

Mtu wa kwanza kuokolewa na mashine ya kusafisha damu alikuwa mwanamke wa miaka 67, mjini Kampen, Uholanzi, mwaka 1945, chini ya daktari Willem Kolff. Figo zake zilizokuwa zimesimama ghafla ziliamka, akatoka kwenye mashine na kuishi miaka mingine kadhaa. Mpaka leo ndivyo ilivyo kwa wengi ambao figo zao husimama ghafla: mashine hushika zamu kwa muda, kisha figo hurudi kazini.

Kwa ugonjwa sugu wa hatua ya mwisho, mashine ni ya kudumu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, au mpaka ipatikane figo ya kupandikizwa. Ni mzigo mkubwa wa fedha na muda, na hakuna haja ya kuuficha. Lakini upandikizaji si safari ya India pekee tena: nchini Tanzania, Hospitali ya Muhimbili ilifanya wa kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Watu huona wagonjwa wakifa wiki chache baada ya kuanza mashine na kuilaumu mashine. Wengi wao walifikishwa wakiwa wamejaa maji mapafuni na potasiamu imepanda, baada ya miezi ya kuzunguka na dai la kwanza mpaka la nane.

Basi nani apime, na apime nini?

Kama una sukari, presha, VVU au selimundu. Kama kwenu kuna aliyekufa kwa figo. Kama uliwahi kupata presha ya mimba. Kama umemeza dawa za maumivu kwa miezi. Au umevuka miaka 60: pima mara moja kwa mwaka hata ukijisikia mzima. Vipimo ni vitatu: presha mkononi, protini kwenye mkojo, na krietinini kwenye damu. Kwenye mlo, chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ukihesabu na ile iliyomo kwenye supu na viungo vya pakiti.

Ukitoka maabara usikubali jibu la "figo ziko sawa" pekee. Uliza maswali mawili na uandikiwe majibu: mkojo wangu una protini kiasi gani, na figo zangu zinachuja kwa kiwango gani? Karatasi hiyo itunze, mwakani ulinganishe. Namba ikiwa imeshuka, utakuwa na muda wa kuibana sukari, kuishusha presha na kubadili dawa, huku ukiwa bado unatembea kwa miguu yako kwenda kliniki.